Kifaru cha Washirika Kwenye Daraja la Kępa

Watu wa kijiji cha Olszyny walikuwa na njia moja tu ya kujua kama mzee Teofil Wasilczuk anasema kweli: walimtazama kichwani. Akiwa amevaa kofia yake ya sufu, mwamini, hata umkopeshe ng'ombe. Akiivua na kuishika kifuani kama mtu anayeingia kanisani, jishikilie, maana unaongopewa. Aliivua aliposimulia habari za farasi aliyezama kwenye kinamasi pamoja na mkokoteni wa nyasi, na ambaye kila theluji inapoyeyuka husikika akilia kule chini, akidai shayiri yake. Aliivua aliposimulia barafu ya mwaka mmoja iliyogandisha hata kengele ya kanisa, mlio ukabaki hewani mpaka mwezi wa tatu ndipo ukadondoka. Mwenyewe alijua kwamba kofia inamsaliti. Alijaribu kuacha, mkono ukamshinda. Uongo ukianza kupanda kooni, mkono nao ulipanda kichwani.

Lakini wiki ile ya kifaru, mpaka Jumamosi, kofia haikutoka kichwani kwa mzee Teofil, na ndiyo maana kijiji kiliogopa.

Nyumba yake ilikuwa Kępa, kipande cha nchi kavu katikati ya kinamasi, upande wa mashariki kabisa wa Poland, mahali ambapo usiku ukiwa kimya unasikia mbwa wa nchi ya pili wakibweka. Palikuwa na nyumba moja, zizi moja, ng'ombe mmoja aitwaye Krasula, na daraja moja la mbao. Pembeni mwa daraja hapakuwa na maji ya kupiga kasia wala ardhi ya kukanyaga. Palikuwa na tope jeusi tu, lenye subira.

Jumanne, wakati wa mazoezi ya majeshi ya washirika, kifaru cha jeshi la ng'ambo kilikuja kugeuzia uani kwa mzee Teofil. Kilipofika katikati ya daraja, mkia ukiwa bado karibu na ukingo wa magharibi na pua ikiwa juu ya boriti za katikati, redio yake ikakoroma. Kule ng'ambo ya bahari wakubwa walikuwa wameamka na siasa mpya ya ulinzi. Kila askari asimame alipo. Kikasimama.

Kilijaza daraja zima, ukingo kwa ukingo, kama kizibo kwenye shingo ya chupa. Na ndani ya chupa walikuwa mzee Teofil na mjukuu wake Bogna, bibi harusi wa Jumamosi. Alikuwa amekuja kushona lesi ya marehemu bibi yake kwenye gauni, na kungoja baraka ya babu aliyemlea tangu angali mchanga.

Wenzake dereva wa kifaru waliitwa bandarini siku ileile. Walitoka kwa nyuma wakaenda zao kwa miguu, kwa sababu mtu akitembea si siasa. Akabaki dereva peke yake: Sajini Marlene Pietrak, mama wa makamo mwenye mabega ya mhunzi. Wazazi wa bibi yake walihamia ng'ambo zamani kutoka nchi hiihii. Kipolandi alichojua kilikuwa cha bibi huyo, kilichotunzwa kabatini pamoja na vidonge vya kufukuza nondo.

"Mama," Teofil alimwambia asubuhi ya kwanza, "ondoa chombo chako. Nina harusi."

"Siwezi, mheshimiwa mwenye shamba," alijibu sajini kutoka juu ya kifaru.

"Kimeharibika?"

"Hakijaharibika. Kinanguruma kama paka aliyeshiba."

"Basi rudi nyuma."

"Nyuma ni magharibi, mheshimiwa."

"Najua magharibi ilipo. Jua hunionyesha kila jioni, tena bure."

"Nikirudi magharibi, ni kuondoka. Serikali yenu imesema hakuna mshirika atakayeonekana akiondoka kabla ya mkutano wa wakubwa. Watu watapata hofu."

"Basi njoo mbele. Uani kuna nafasi. Kabichi ukizikanyaga, nimekusamehe."

"Mbele ni mashariki. Wakubwa wangu wamesema hata mita moja kuelekea mpakani sasa ni uchokozi."

Teofil alitazama mbele, akatazama nyuma. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimesimama."

"Na mjukuu wangu akipita juu ya hilo lichuma lako? Ni mwepesi, hata rangi haitabanduka."

Sajini alionyesha kwa kidole jicho dogo la kamera juu ya mnara wa kifaru. "Raia akipanda bila ruhusa, ng'ambo wanaona. Wakiona, ni tukio. Likiwa tukio, mkutano unavunjika. Nisamehe, mheshimiwa. Bibi yangu angenichapa kwa mwiko."

Mchana alikuja Kanali Szeląg kutoka makao makuu ya wilaya, akasimama ng'ambo ya pili ya daraja na kipaza sauti, ingawa angesikika hata bila hicho.

"Mzee Teofil, serikali iko pamoja nawe."

"Iko upande wa pili wa daraja," alijibu Teofil. "Leteni helikopta."

"Helikopta zilikuwa za washirika. Zimeshapakiwa melini."

"Leteni mbao basi, tupange njia pembeni."

"Mbao kutoka huku kwenda huko zinaelekea mashariki," alisema kanali, na sauti yake ikapungua, kama mtu aliyejisikia mwenyewe. "Tungoje mkutano."

"Utakwisha lini huo mkutano?"

"Wanabishania kwanza umbo la meza."

Nyuma ya kanali alikuwa Radek, bwana harusi, akiwa na gwanda la jeshi la akiba. Washirika walipoanza kufunga mizigo, vijana wote wa wilaya waliitwa kuchimba mahandaki mpakani. Yeye alipewa ruhusa ya kuoa, na ruhusa hiyo ilikuwa inaisha Jumapili. Baada ya hapo, nani angesema atarudi lini, au kama atarudi? Bogna alisimama uani, yeye akasimama ng'ambo ya daraja, wakaongea kwa kupigiana kelele juu ya kifaru kama watu wanaouziana viazi.

"Umekula?" alipaza Bogna.

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula."

Maneno mengine hayapigiwi kelele mbele ya kanali.

Jioni ile Bogna alitundika gauni kwenye mlango wa kabati, akakaa akilitazama. "Babu," akasema, "niambie uongo."

"Uongo gani?"

"Wowote. Niambie Jumamosi nitakuwa kanisani."

Mzee Teofil alifungua kinywa. Mkono ukaanza kupanda kichwani. Akaushusha, akaenda kumkamua Krasula, ambaye alikuwa amekwisha kukamuliwa.

Toka hapo siku zilifanana kama vigingi vya uzio. Redio ya sajini ilisema leo majeshi ya ng'ambo yanabaki, jioni ikasema yanaondoka, asubuhi ikasema yanabaki kwa sharti la kuondoka. Mwenyekiti wa kijiji, Otylia Mroczek, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta, alirusha kamba juu ya kifaru, wakawa wanavuta kwayo kikapu cha mkate, mafuta ya nguruwe na magazeti. Kamera iliona. Wakubwa wa ng'ambo wakajadiliana, wakaamua kwamba kikapu si raia.

Jambo moja Teofil hakumwambia mtu. Daraja lile alilijenga mwenyewe na marehemu mkewe. Jioni, upepo ukilala, alilisikia likijigeuza, polepole, kama mgonjwa kitandani. Alipochungulia chini aliona boriti ya katikati imepasuka, na kifaru kimeikalia ile mipasuko kikaibana isifunguke. Daraja lilikuwa limekibeba kifaru, na kifaru kilikuwa kimelishika daraja. Walikuwa kama walevi wawili walioegemeana wakitoka baa: ukimwondoa mmoja, mwingine anakwenda chini. Kifaru kikitoka, mkia wake utagusa nchi kavu mapema, hicho kitapona. Daraja halitapona.

Ijumaa Otylia alikuja ukingoni mikono kiunoni. Yeye na Teofil walikuwa mahasimu wa miaka mingi, kwa jambo moja tu: mageti ya harusi. Huku kwetu msafara wa harusi haupiti bure. Majirani wanafunga njia kwa kamba yenye riboni, wanaweka meza na kitambaa cheupe, na maharusi hawapiti mpaka watoe vodka. Chupa ikipokelewa, kamba inafunguliwa, na aliyepokea chupa halafu akakataa kufungua hajazaliwa bado. Teofil alikuwa bingwa. Aliwahi kufunga njia kwa ng'ombe, kwa mashine ya kuvunia, na mwaka mmoja kwa jeneza tupu, naye akalala ndani yake mpaka baba wa bwana harusi alipoongeza chupa ya pili.

"Teofil," alisema Otylia, "miaka yote umetuzibia njia kwa kamba. Leo Mungu amekuzibia kwa chuma. Utatoa chupa ngapi, mpenzi?"

"Cheka, Otylia. Meno ndiyo hayo mawili."

"Mawili yananitosha kukutafuna. Sema, utatoa ngapi?"

Teofil alitaka kujibu tusi, akasahau. Akamgeukia sajini, aliyekuwa akila mkate juu ya mnara. "Mama sajini, bibi yako alikueleza habari za geti la harusi?"

Sajini aliacha kutafuna. "Alinieleza kwamba anayekataa geti, ndoa ile itazaa watoto wa kukoroma tu."

"Basi. Na jeshini kwenu hakuna sheria ya harusi?"

Sajini alipangusa makombo. "Ipo amri ya zamani, ya kila msafara unaokwenda nchi za watu. Harusi, mazishi na maandamano ya kanisa yapishwe njia. Siasa mpya imefuta mengi. Hiyo hawakuikumbuka kuifuta."

"Kupisha ni kwenda mbele?"

"Hapana."

"Ni kurudi nyuma?"

Sajini alianza kutabasamu. "Kupisha ni kupisha, mheshimiwa."

Jumamosi asubuhi palikuwa na mageti mawili Kępa. Huku, mbele ya pua ya kifaru, Teofil alifunga kamba yenye riboni nyekundu na nyeupe, akaweka meza, kitambaa, mkate na chumvi. Kule, nyuma ya mkia, Otylia alifunga ya kwake, na kwa wivu wa kawaida akaweka riboni nyingi zaidi. Mpiga kodiani akawa anakohoakohoa na ala yake. Kifaru kilikuwa katikati, na kwa mila yetu kilicho katikati ya mageti ni harusi, hata kikiwa na bomba la mzinga.

Sajini Pietrak alishika redio. Wote walimsikia, maana alisema kwa lugha ya kwao halafu akawatafsiria kwa lugha ya bibi yake, maswali ya redio pamoja na majibu yake.

"Nimezuiwa na wenyeji pande zote mbili. Wana silaha? Wana kodiani. Wanataka nini? Wanataka vodka, na njia ya bibi harusi. Naomba ruhusa ya kupisha kwa amri ya zamani."

Huko ng'ambo mtu fulani alikuwa anamwamsha mtu mkubwa kuliko yeye. Kanali Szeląg naye alikuwa kwenye simu na mji mkuu, jasho likimtiririka hadi kwenye kola.

"Wanauliza," alisema kanali, "gazetini tutaandika nini?"

"Andikeni mshirika amehudhuria harusi," alisema Otylia. "Mtu anayeondoka hahudhurii harusi."

Kanali alirudia maneno hayo kwenye simu kana kwamba ni yake. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Redio nayo ikakoroma.

"Wamekubali," alisema sajini. "Bomba lielekee mashariki muda wote, ili isiwe kuondoka. Na apande mmoja tu, bibi harusi."

"Na babu yangu," alisema Bogna. Alikuwa amevaa gauni na shela, na lesi ya bibi yake shingoni.

Sajini aliuliza. Jibu lilikuja upesi mno. "Mmoja. Wanasema mzee si harusi. Mzee ni abiria." Sajini aliinamisha macho. "Nimewaomba mara mbili, mheshimiwa."

Bogna alimgeukia babu yake. Naye hakuwa mjinga. Alikulia kwenye daraja lile, alijua sauti zake. "Likishatoka hili, daraja litashika?"

Hapo ndipo mzee Teofil alipojua kwamba amenaswa kuliko kifaru. Akisema kweli, mtoto hatapanda. Atakaa hapa kumshika babu yake mkono, na Jumapili Radek ataingia handakini bila mke. Akisema uongo, mkono utapanda kichwani, na mtoto ataona.

"Piga magoti kwanza," akamwambia. "Baraka haingoji."

Bogna alipiga magoti kwenye nyasi, juu ya mto wa kitanda. Na kwa kuwa hakuna anayembariki bibi harusi akiwa na kofia kichwani, mzee Teofil akavua kofia yake, akaishika kifuani. Upande wa pili wa daraja wanaume wote nao wakavua zao, hata kanali. Akamwekea mkono kichwani, akamwombea watoto wasiokoroma, paa lisilovuja na mume wa kurudi nyumbani. Kisha, kofia ikiwa bado kifuani, sauti ikiwa ileile, akasema: "Daraja litashika. Tangulia. Nitakuja nyuma yako kwa miguu, nikishamfungia Krasula."

Bogna alimtazama kichwani, kwa mazoea. Kichwa kilikuwa wazi, kama vichwa vyote. Akamtazama machoni, lakini macho ya mzee yalikuwa na machozi ya baraka, na machozi hayo hayasomeki.

"Usichelewe," akasema. "Ngoma ya kwanza baada ya Radek ni yako."

"Nani atakubali kuikosa?"

Teofil alimpa sajini chupa. Sajini aliipokea kwa mikono miwili, mbele ya kamera na mbele ya mashahidi, akaibusu shingoni kama alivyofundishwa na bibi yake, akaificha ndani ya koti. Akamwinua Bogna kwa kiganja kimoja, akamketisha nyuma kabisa ya mnara, mahali Teofil alipoonyesha bila kusema kwa nini. Kisha Teofil akafungua kamba. Injini ikanguruma. Na kifaru cha washirika, bomba likiwa limekodoa macho mashariki na shela nyeupe ikipepea magharibi, kikapisha.

Kilipisha polepole sana. Mkia ukafika nchi kavu. Minyororo ikakwaruza changarawe. Otylia akainua kamba yake na kusahau kudai chupa, jambo ambalo tangu hapo anakana mbele ya padri. Kodiani ikaanza.

Pua ya kifaru ilipoziacha boriti za katikati, daraja halikuvunjika kwa kishindo. Lilipumua tu. Lilishuka katikati, ubao kwa ubao, likiinamia tope kama mtu aliyesimama muda mrefu na hatimaye amepewa kiti. Tope likalipokea, likajifunga juu yake.

Kodiani ikakatika. Bogna aligeuka juu ya kifaru. Alimwona babu yake upande wa pili, amesimama kando ya meza, kofia bado mkononi.

"Babu," alisema. Hakupaza sauti, lakini kinamasi kililileta neno lile mpaka kwake. "Ulikuwa unajua."

"Nenda kanisani," alipaza Teofil. "Padri ana mazishi mchana, usimcheleweshe."

"Umeniongopea kwenye baraka."

"Nani ameona?"

Radek alikuwa amekwisha kupanda upande mmoja wa kifaru, raia au askari, wakati huo hakuna aliyeuliza. Alimshika Bogna begani. Sajini Pietrak alikaa mkono kwenye usukani, akingoja neno. Ni Otylia aliyempiga mpiga kodiani kisogoni. "Piga, wewe. Mzee amelipa." Muziki ukaanza tena, kwanza kwa kuchechemea, halafu sawasawa, msafara ukashika njia ya mibetula, miti ya magome meupe. Bogna hakuacha kutazama nyuma. Shela ilikuwa kitu cha mwisho kuonekana, nayo ikapotea.

Kanali Szeląg peke yake alibaki ukingoni. Alipima kwa macho pale palipokuwa na daraja, akainua kipaza sauti, akakishusha, akakiinua tena.

"Mzee Teofil, tutajenga jingine."

"Lini?"

"Wahandisi wenye madaraja ya chuma ni wa washirika. Inabidi ijulikane kwanza kama wanabaki au wanaondoka." Akasita. "Tena daraja likitokea huku kwenda huko, linaelekea…"

"Najua linakoelekea, kanali. Nenda kwenye harusi. Kuna kabichi chachu na soseji. Waambie waniletee kidogo kwa kamba."

"Kamba ya kikapu ilikuwa juu ya kifaru, mzee. Imekwenda nacho."

Teofil akaitikia kwa kichwa, kana kwamba ameambiwa hali ya hewa. Kanali akasimama kidogo zaidi, akapiga saluti, sijui kwa nani, akaondoka.

Upepo ulileta kengele ya kanisa, na mzee Teofil akahesabu kwa midomo sehemu za misa: sasa wanaingia, sasa wanaapa, sasa Radek anatafuta pete mfuko usio wake. Kengele ilipolia mara ya pili alijua mjukuu wake ameolewa. Alicheza ngoma yake hapohapo, peke yake, mbele ya Krasula, ambaye hakutoa maoni.

Kisha akaivuta meza mpaka mwisho wa nchi kavu, akanyoosha kitambaa, akapanga mkate, chumvi na bilauri mbili. Akafunga kamba yenye riboni kutoka kigingi hadi kigingi, mbele ya tope tupu. Awe wa magharibi, awe wa mashariki, abaki au aondoke, atakayeleta daraja Kępa atakuta geti, na hatapita bila chupa.

Akakaa. Kule chini, kinamasi kikatoa povu moja.

"Subiri zamu yako," alimwambia yule farasi aliyezama, na akavaa kofia.